Chombo Namba Tatu ni Kipi?

Ujumbe uliingia saa mbili usiku, niko nyumbani Tudor, Mombasa, feni inazunguka na chai imeshapoa. "Dada, kwangu hifadhi inaleta tofauti, p ni ndogo mno. Kwako je?"

Dakika kumi kabla yake nilikuwa nimeendesha modeli ileile. Kwangu hifadhi haikuonyesha kitu cha kushika. (Hiyo p ni namba inayoonyesha ni rahisi kiasi gani tofauti kama hiyo kutokea kwa bahati tu; ikiwa ndogo, watu huamini tofauti ni ya kweli.) Faili la Excel lilikuwa moja, mimi mwenyewe ndiye niliyemtumia. Swali lilikuwa moja: je, hifadhi ya bahari huwaongezea samaki wavuvi wa jirani? Kati ya programu za takwimu, mwenzangu hutumia Stata, mimi hutumia R, na ripoti ilikuwa inangojewa Ijumaa.

Naieleza wiki ile kwa kirefu kwa sababu vijana wengi wa hapa Pwani wanaingia kazi za takwimu, na najua watafika palepale tulipofika sisi: majibu mawili mezani, na kishawishi cha kushika lile linalopendeza.

Kwanza data yenyewe. Tulikuwa na rekodi za samaki kutoka madiko sita, yaani pale vyombo vinaposhushia samaki, kuanzia upande wa Bamburi hadi ng'ambo ya Likoni. Chombo kikitia nanga, karani wa diko hupima mzigo kwenye mizani ya kuning'iniza, akaandika tarehe, zana (malema, yaani mitego ya fito, mshipi au nyavu), idadi ya wavuvi, kilo, na namba ya chombo. Wenye mradi walitaka kujua jambo moja. Je, madiko yaliyo jirani na Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, hupata kilo nyingi zaidi kwa kila mvuvi kuliko madiko ya mbali? Hoja ni kwamba ndani ya hifadhi hakuvuliwi, samaki hukua na kuzaana kwa amani, na wengine huvuka mpaka wakaingia kwenye malema ya watu.

Mtu asiyewahi kusimama dikoni atasema chukua wastani wa huku, chukua wastani wa kule, linganisha. Lakini safari mia mbili za diko moja si mashahidi mia mbili. Wavuvi wa diko moja hutoka na maji yale yale, hupita mlango uleule wa mwamba, huuza kwa matajiri walewale. Na safari arubaini za chombo kimoja zinafanana zaidi bado, kwa sababu nahodha ni yuleyule na anajua penye changu na penye tasi kama ajuavyo ua wa nyumba yake. Ukizihesabu zote kama watu tofauti, utakuwa umemsikiliza mtu mmoja mara arubaini ukadhani umesikia mji.

Hapo ndipo modeli ya athari mseto inapoingia. Ndani yake mna athari thabiti, yaani yale tunayouliza kwa wote: kusi au kaskazi, bamvua au maji mafu, malema au nyavu, karibu na hifadhi au mbali. Mna pia athari nasibu: kila diko na kila chombo kina sehemu yake, juu kidogo au chini kidogo ya wengine, na modeli hukadiria sehemu hizo zimetawanyika kiasi gani. Wavuvi wenyewe huita riziki, na mimi naona neno lao linakaribia sana.

Jambo hili halikuanzia baharini. Katikati ya karne iliyopita Charles Henderson, mtaalamu wa ufugaji huko Marekani, alitaka kujua fahali yupi huzaa mitamba wenye maziwa mengi, wakati mabinti wa fahali mmoja wametawanyika katika mazizi mengi yenye malisho tofauti. Milinganyo aliyoiandika ndiyo hadi leo iko ndani ya programu hizi. Kuna kitu kimoja ndani yake ninachokipenda kuliko vyote. Fahali mwenye mabinti wachache hahukumiwi kwa idadi hiyo ndogo. Makadirio yake husogezwa kuelekea wastani wa wote. Chukua mfano wa kwetu. Tuseme variansi, yaani kipimo cha mtawanyiko, ya safari kwa safari ni mara nne ya variansi ya chombo kwa chombo. Chombo chenye safari 4 kitabakishiwa nusu tu ya umbali wake kutoka wastani. Chenye safari 36 kitabakishiwa sehemu tisa kwa kumi. Anayeonekana zaidi huaminiwa zaidi. Nitalirudia hili.

Basi, usiku ule. Tofauti ya kwanza tuliyoiona ilikuwa ya kutisha lakini ilikwisha upesi. Tulimtumia data mwalimu wangu wa zamani, anayefanya kazi kwa programu ya SAS tangu sijazaliwa, na kwake kusi ilionekana kuongeza samaki, wakati kwangu ilipunguza kwa kiasi kilekile. Mtu yeyote wa Pwani anajua kusi ikivuma vyombo vidogo hubaki ufukweni. Sababu ilikuwa alfabeti. R huchukua kundi la kwanza kuwa msingi wa kulinganishia, nalo ni "kaskazi". SAS huchukua la mwisho, nalo ni "kusi". Namba aliyoiona yeye ilikuwa ya kaskazi, si ya kusi; alisoma mstari kwa mazoea ya jedwali langu. SPSS nayo huchukua la mwisho, Stata huchukua lenye namba ndogo. Tangu siku ile hutaja msingi kwa mkono wangu, hata kama programu ingeuchagua huohuo.

Tofauti ya pili ndiyo iliyotushika, na hapa naomba msomaji akae nami.

Kuna njia mbili kuu za kukadiria mtawanyiko wa madiko. Watu wa kazi hii huziita ML (maximum likelihood) na REML (restricted maximum likelihood). Ya pili ilielezwa na Patterson na Thompson mwaka 1971, wakishughulika na majaribio ya mashamba. Ukisoma milinganyo unaweza kuogopa, lakini kiini chake kinatosha kwenye karatasi ya kufungia karanga. Tuseme madiko sita yana wastani huu wa kilo kwa mvuvi: 4, 6, 7, 5, 9, 5. Namba hizi nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi. Wastani wa jumla ni 6. Umbali wa kila diko kutoka hapo ni −2, 0, 1, −1, 3, −1. Zipige mraba ujumlishe, unapata 16. Sasa, ugawe kwa ngapi?

ML hugawa kwa 6, ikapata 2.67. Inauchukulia ule wastani wa 6 kana kwamba tuliujua kabla ya kufungua daftari. REML inakumbuka kwamba wastani wenyewe tumeutoa kwenye namba hizohizo, kwa hiyo tumeshatumia sehemu ya habari tuliyokuwa nayo. Hugawa kwa 5, ikapata 3.2. Ukiongeza swali la hifadhi, yaani ukakadiria wastani mbili, wa karibu na wa mbali, ML inaendelea kugawa kwa 6 na REML inashuka hadi 4. Modeli kamili ina mambo mengine ndani, ila mkondo wake ni huo.

Kwa madiko mia mbili, 200 na 198 ni kitu kimoja. Kwa madiko sita, 6 na 4 ni mbingu na ardhi. Kosa sanifu la athari ya hifadhi, yaani kiasi ambacho makadirio yake yanaweza kuyumba, linaweza kupungua kwa karibu moja ya tano, kwa sababu tu ya njia uliyotumia. Na hakuna aliyetuuliza tunataka ipi. Chaguo-msingi la R, katika kifurushi cha lme4 na katika nlme iliyokitangulia, ni REML. SAS ni REML, SPSS ni REML, statsmodels ya Python ni REML. Stata ni ML. Lugha ya Julia, ambako Douglas Bates aliyeianzisha lme4 alihamishia kazi yake ya baadaye, ni ML pia. Mwenzangu hakukosea popote. Alibonyeza, Stata ikamjibu kwa desturi yake.

Juu ya hilo kuna suala la p, na hapa nina msimamo. Tuseme athari ya hifadhi ukiigawa kwa kosa lake sanifu unapata 2.3. Stata, usipoiambia vingine, huipeleka kwenye jedwali la mgawanyo wa kawaida, ambako mpaka ni 1.96, na p inatoka 0.02. Andika ripoti, pongezi. Lakini hifadhi ni sifa ya diko, si sifa ya safari. Una madiko sita, umekadiria wastani mbili, umebakiwa na digrii nne za uhuru, yaani vipande vinne vya habari vilivyo huru. Mpaka kwa digrii nne ni 2.776, na p ya 2.3 ni kama 0.08. Ukitumia ML, ile 2.3 yenyewe huweza kupanda hadi karibu 2.8, na kwa jedwali la kawaida p ikashuka chini ya 0.01. Namba ni zile zile, bahari ni ile ile, na umepita kutoka "hatujui" hadi "bila shaka".

SPSS hukadiria digrii hizo kwa njia ya Satterthwaite. SAS ina kanuni yake ya mwanzo, na ukiiomba itatumia Kenward na Roger, njia ya mwaka 1997 ambayo hurekebisha pia kosa sanifu. Stata nayo ukiiomba itafanya. Na lme4 haitoi p kabisa. Wanafunzi hulalamika sana juu ya hili, hukimbilia kifurushi cha lmerTest kuongeza safu ya p. Bates alikataa makusudi, kwa kuwa katika modeli hizi, data isipokuwa imepangwa sawasawa, hakuna hesabu moja iliyokubalika ya digrii za uhuru. Mimi hutumia lmerTest, sitakana. Ila nawaheshimu watu walioamua kwamba ni afadhali safu ibaki tupu kuliko kujazwa kitu ambacho mtu atakisoma bila kufikiri.

Siku ya pili mwenzangu aliongeza amri ya REML na ya digrii za uhuru. Hifadhi yake ikanyamaza kama yangu. Tungeweza kuishia hapo. Lakini namba bado hazikulingana. Mtawanyiko wa vyombo wangu ulikuwa karibu na sifuri, wake ulikuwa mkubwa. Hapo mwalimu akatuma ujumbe mfupi: "Pimeni mizani kwanza."

Alimaanisha kitu tunachokiona sokoni Kongowea kila siku. Ukiutilia shaka mzani, unaomba jiwe. Jiwe la kilo moja likikaa na mshale usifike kilo moja, huna haja ya kubishana juu ya viazi. Kwa modeli mseto jiwe lipo, linakuja ndani ya lme4 na linaitwa sleepstudy: watu 18 walionyimwa usingizi, kila mmoja akapimwa siku 10 muda wake wa kuitikia kwa milisekunde, jumla mistari 180. (Kila nikiifungua huwakumbuka madereva wa malori wanaotoka Changamwe usiku kuelekea bara.) Kila mtu anapewa mwanzo wake na mteremko wake, yaani kiasi anachobadilika kila siku. Kwa REML wastani wa mwanzo ni 251.4, na kila siku ya kukosa usingizi huongeza 10.47. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko, wa mwanzo wa watu ni 24.74, wa mteremko 5.92, wa mabaki (yale modeli isiyoyaeleza) 25.59. Kwa ML zile mbili za kwanza zinashuka hadi 23.78 na 5.72, mabaki hayatikisiki.

Mwenzangu aliiendesha kwa Stata, kwa REML, akapata 25.05 mahali pa 24.74. Nilifurahi sana, kwa sababu tofauti hiyo ina jina. Stata, ukiipa athari nasibu mbili za mtu mmoja, mwanzo na mteremko, huchukulia kwamba hazina uhusiano, mpaka uiambie vingine. SAS na SPSS hufanya hivyohivyo. R, kwa namna tunavyoandika wengi, huukadiria uhusiano huo. Katika data hii ya usingizi uhusiano ni mdogo, kama 0.07, ndiyo maana 24.74 na 25.05 zinakaribiana. Kwa data yetu ingekuwa hatari zaidi: chombo kinachopata sana wakati wa kaskazi huenda ndicho kinachopoteza sana kusi ikija, na uhusiano huo ni habari, si uchafu. Aliongeza neno moja kwenye amri yake na 24.74 ikatokea. Mizani yetu ikawa imepimwa.

Na bado vyombo havikulingana.

Asubuhi ya Jumatano nilivuka feri nikaenda dikoni na daftari. Sikwenda kwa hekima yoyote, nilikwenda kwa kuwa nilikuwa nimechoka kutazama kioo. Maji yalikuwa yametoka, ngalawa zimelalia ubavu, kina mama wa samaki wamekaa kivulini na karai zao za mafuta. Mzee wa diko alikuwa anashona dema. Alikuwa na kisu kidogo na fito zilizochanwa nyembamba, anazipitisha moja juu, moja chini, akifika pembeni anaikunja kwa kidole gumba bila kuitazama, halafu anaibana kwa goti. Nilikaa naye kwenye gogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja na vitabu?"

Nikafungua daftari. Nilitaka tu kumuuliza juu ya chombo kimoja chenye rekodi zisizoeleweka, mara kilo hamsini, mara kilo mbili, zana zinabadilika kila wiki. "Mzee, hiki chombo namba tatu ni cha nani?"

Hakuinua macho. "Namba tatu gani? Ya hapa, ama ya kule Nyali?"

Nikanyamaza. Akaendelea kushona. "Kila karani ana namba zake. Mmoja, wawili, watatu, vile wanavyokuja. Mimi hapa ni wa tisa. Na kule Nyali kuna wa tisa wao."

Kama kuna mahali katika kazi hii nimewahi kuhisi damu ikinishuka, ni pale. Nilikuwa nimeiandikia R kwamba kuna athari ya diko na kuna athari ya chombo, basi. R ikatazama safu ya chombo, ikaona namba 1 hadi 14, ikaamini bahari yote ina vyombo 14. Chombo namba tatu cha Nyali chenye nyavu na namba tatu cha Likoni chenye mishipi vikawa chombo kimoja chenye nahodha wa ajabu. Ndiyo maana mtawanyiko wa vyombo wangu ulikuwa karibu na sifuri: nimevichanganya hadi vikafanana. Na R iliniambia. Chini ya jedwali lake huandika idadi ya makundi, na ilikuwa imeandika chombo 14, diko 6. Nilikuwa nimeupita mstari huo kwa siku tatu.

Stata ilimwokoa mwenzangu bila yeye kujua. Amri yake huandikwa kwa ngazi, diko kwanza, kisha chombo ndani ya diko, na Stata huelewa kwamba namba tatu ya diko hili si namba tatu ya lile. Kwake kulikuwa na vyombo 71. Niliona haya, kisha nikaona nafuu, nikampigia pale pale nikamwambia kaka, wewe ndiye uko sawa.

Mzee alikuwa anasikiliza. Nilipokata simu akaniuliza, "Sasa wale wanaohama mmewaandika vipi?"

"Wanaohama?"

Akanieleza kama mtu anavyoeleza saa za swala. Kusi ikichafuka, baadhi ya vyombo vya madiko yaliyo wazi kwa upepo huhamia penye kinga, wakashusha huko miezi kadhaa. Kaskazi ikitulia wanarudi. Na kaskazi hiyohiyo ndiyo inayowaleta wavuvi kutoka Pemba, nao hushusha pale watakapopata tajiri. Chombo kimoja, basi, kina namba tatu huku na namba kumi na mbili kule. Stata ya mwenzangu ilikuwa imekihesabu mara mbili.

Kwa hiyo R yangu ilikuwa imeunganisha watu wasiojuana, na Stata yake ilikuwa imemgawa mtu mmoja kuwa wawili. Sisi wawili tulikuwa tumebishana siku tatu juu ya ML na REML, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameuliza chombo ni nini.

Nilirudi siku ya pili, na madiko mengine akaenda mwenzangu. Tuliandika upya safu nzima kwa jina la chombo lililochorwa ubavuni, pamoja na jina la utani la nahodha pale ambapo vyombo viwili vina jina moja. Vile 71 vikawa 66. Sasa chombo hakiko tena ndani ya diko. Vinakutana kama nyuzi za mtande na mshindio, kimoja kinapita madiko mawili, diko moja linapokea wengi. Kwa hili lme4 ni starehe, imeundwa tangu mwanzo kwa ajili yake, unataja diko na unataja chombo, na mradi majina ni ya kipekee haijali nani yuko ndani ya nani. SAS nayo unazitaja zote mbili. Stata inabidi uiambie kwa kuzunguka, uifanye data yote kundi moja kisha uweke madiko ndani yake, na hesabu inachukua muda mrefu zaidi. Mwenzangu aliiacha inaendesha akaenda kuswali Adhuhuri, akarudi ikiwa imemaliza.

Alhamisi jioni tuliweka majedwali matatu kando kwa kando: R, Stata, na SAS ya mwalimu. REML zote. Msingi mmoja. Uhusiano umekadiriwa kote. Kenward na Roger kote, kwangu kupitia kifurushi cha pbkrtest. Zililingana hadi tarakimu ya tatu baada ya nukta.

Kuna sehemu ya pili ya kazi, ya safari zilizorudi mikono mitupu, ambayo ni ndiyo au la. Huko programu hutofautiana kwa sababu nyingine kabisa. glmer, amri ya lme4 kwa majibu ya aina hiyo, hutumia makadirio ya Laplace, Stata hutumia nukta saba za kukadiria eneo, na GLIMMIX ya SAS kwa chaguo-msingi hutumia njia ya mkato ambayo, makundi yakiwa madogo na majibu ni ndiyo au la, huelekea kuvuta athari kuelekea sifuri. Hapo huwezi kutarajia zilingane kabisa hata ukiandika kila kitu sawa. Nitaiandikia makala yake.

Ripoti ilisema kwamba kilo kwa mvuvi zilikuwa juu zaidi karibu na hifadhi, lakini madiko sita hayatoshi kusema ni hifadhi iliyosababisha. Wenye mradi hawakufurahi. Walituuliza kama tukiongeza mwaka mmoja wa rekodi itasaidia. Tuliwajibu kwamba kwa swali hili mwaka mzima wa madiko haya haya hauwezi kufanya kazi ya madiko sita mapya. Siku zaidi hutufundisha vizuri zaidi juu ya vyombo na kusi. Juu ya hifadhi tunahitaji sehemu zaidi. Nafurahi kwamba tulilisema hilo kwa maandishi, na kwamba jibu la kwanza la usiku ule halikwenda kokote.

Niseme pia kwa wanaoniuliza waanze na ipi. Anzeni na R, kwa sababu ni bure na hakuna mwanafunzi wa Kisauni atakayefungiwa mlango mwezi leseni ya chuo ikiisha. Lakini mtafuteni mtu mwenye programu nyingine mwaminiane. Sisi tungekuwa wote wa R tungelingana siku ya kwanza, vyombo 14, na tungetuma.

Wiki iliyofuata nilimpelekea mzee matokeo, karatasi moja yenye vyombo vya diko lake vimepangwa kwa mstari, wastani katikati, kila chombo nukta yake. Alivaa miwani, akatafuta jina la chombo chake kwa kidole. Kilikuwa karibu kabisa na mstari wa katikati.

"Mimi?" akasema. "Mimi ni wa katikati?"

Nikamweleza. Alikuwa ameugua mgongo, katika rekodi zetu alikuwa na safari nne tu, na zote nne zilikuwa nzuri. Modeli haikukataa kwamba ni nzuri. Ilikuwa imemwona mara chache, kwa hiyo ikamsogeza karibu na wenzake hadi imjue zaidi.

Alitazama nukta yake muda mrefu, kisha akakunja karatasi mara nne akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Kaskazi inaanza mwezi ujao," akasema. "Mwambie karani aniandike kwa jina."